Namna ya Kusikiliza Haidrojeni ya Anga kwa Dishi Kuukuu la Futi Sita: Mwongozo kwa Mtafuta Ishara Aliyeko Mbeya

Mwaka 1959 wanafizikia wawili, Giuseppe Cocconi na Philip Morrison, walitoa hoja fupi katika jarida la Nature kwamba, iwapo kuna viumbe wenye akili kwenye nyota nyingine na wanataka kusikika, huenda wakachagua masafa ambayo mwanafalaki yeyote, popote alipo, lazima awe ameyagundua. Masafa hayo ni megahezi 1420.4, yenye wimbi la urefu wa sentimita 21, ambayo hutolewa na atomu za haidrojeni zilizotapakaa katika galaksi nzima. Mwaka uliofuata Frank Drake alielekeza dishi la mita 26 la Green Bank, Marekani, kwenye nyota za Tau Ceti na Epsilon Eridani, akasikiliza masafa hayohayo, na hakupata kitu. Hadi leo hakuna aliyepata ishara iliyothibitishwa, ijapokuwa vifaa vimekua hadi kufikia dishi la mita 500 nchini China na madishi 64 ya MeerKAT nchini Afrika Kusini.

Ni vema kusema mapema kwamba dishi la nyuma ya nyumba haliwezi kushindana na mitambo hiyo. Litakachokupatia kwa hakika ni haidrojeni yenyewe ya Njia ya Maziwa, na pamoja nayo kazi ambayo ndiyo inayowachukulia wataalamu muda mwingi zaidi: kutenganisha kinachotoka angani na kinachotoka kwa jirani. Mwongozo huu unatoa sehemu kubwa kwa kazi hiyo ya pili.

Dishi, kopo na kipokezi

Katika mitaa ya Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, bado yapo madishi makubwa ya futi sita na futi nane yaliyoachwa juu ya mapaa au nyuma ya mabanda ya kuku baada ya watu kuhamia kwenye madishi madogo. Hata la wavu linafaa, kwa kuwa matundu yake ni madogo mno kuliko wimbi la sentimita 21. Mwombe fundi dishi aondoe LNB ya zamani, yaani kile kichwa cha kupokea kilicho mbele ya dishi, lakini usimruhusu auze vyuma vilivyoishikilia, maana hapo ndipo kopo litakapokaa.

Kopo ndilo antena yenyewe. Tafuta kopo la mduara la bati lenye kipenyo cha sentimita 15. Likiwa chini ya sentimita 12.4 wimbi halitapita kabisa, na likizidi 16 wimbi huanza kusafiri kwa namna zaidi ya moja na kupoteza nguvu. Urefu uwe angalau sentimita 28, na kwa kuwa makopo ya maziwa ya unga hayafiki urefu huo, fundi bati atayaunganisha mawili kwa risasi baada ya kutoboa kitako cha moja. Kwa kipenyo cha sentimita 15, toboa tundu ubavuni, sentimita 9.3 kutoka kwenye kitako kilichofungwa, ufunge hapo kiunganishi chenye kijiti cha shaba cha sentimita 5 hivi kinachoingia ndani. Mdomo wa kopo uutazame uso wa dishi, mahali palepale ulipokuwa mdomo wa LNB.

Kutoka kwenye kiunganishi hicho ishara iingie moja kwa moja katika kikuza ishara chenye kichujio cha 1420, kama vile SAWbird H1 ya Nooelec, kabla ya waya mrefu wa dishi kuanza. Mpangilio huu haubadilishwi. Waya hupunguza ishara na kuongeza kelele zake, na kinachopotea kabla ya kikuzaji hakirudi. Mwisho wa waya kaa na kompyuta na kipokezi cha RTL-SDR, kidude kidogo cha USB ambacho hupokea tu na hakirushi chochote. Programu ya rtl_power, ambayo ni ya bure, itaandika wastani wa nguvu kwa kila dakika katika upana wa megahezi mbili na kidogo.

Anayeona vifaa hivi ni duni na akumbuke kwamba Harold Ewen na Edward Purcell, waliosikia haidrojeni ya anga kwa mara ya kwanza mwaka 1951, walitumia antena ya umbo la pembe iliyotengenezwa kwa mbao nyembamba zilizofunikwa kwa shaba na kutokezwa nje ya dirisha la maabara ya Harvard, na mvua ikinyesha maji yalitiririka humo hadi ndani.

Kabla ya kupandisha chochote, fanya jaribio la mwili. Elekeza kopo juu, soma kiwango cha kelele, kisha mwombe mtu asimame mbele ya mdomo wake. Mwili wa binadamu una joto kuliko anga tupu, hivyo kiwango lazima kipande. Kisipopanda, usipoteze usiku wako. Kagua kikuzaji kama kinapata umeme.

Kuelekeza

Hapa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Kitovu cha galaksi kiko katika kundi la nyota la Mshale, buruji ya Kausi kwa wenye elimu ya falaki, takriban digrii 29 kusini mwa ikweta ya anga. Mbeya iko digrii 9 kusini, kwa hiyo kitovu hicho hupita digrii 20 tu kutoka utosini kuelekea kusini. Green Bank hukiona chini zaidi, digrii 23 hivi tu juu ya upeo wa macho.

Dishi basi litazame kusini, likiwa limeinuliwa digrii 70. Fundi dishi atashangaa, kwa sababu setilaiti zote za televisheni zipo upande wa kaskazini ukiwa Mbeya, na huenda akakurekebishia kwa nia njema usipokuwepo. Usitumie dira karibu na chuma hicho. Mwezi Juni simika kijiti wima kwa timazi, uweke alama kwenye ncha ya kivuli chake kila baada ya dakika tano wakati wa mchana; kivuli kifupi kuliko vyote kinaelekea kusini kamili. Usitarajie kivuli hicho saa sita kamili. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Mbeya iko digrii 33 na nusu, hivyo Jua letu huchelewa kwa dakika zipatazo 46.

Ukishalikaza dishi, usiliguse tena. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa na itakuletea anga yenyewe. Dishi la futi sita huona eneo lenye upana wa digrii nane hivi, kwa hiyo kitu kidogo cha angani hupita mbele yake kwa muda wa nusu saa, kikipanda taratibu na kushuka taratibu. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Juni kitovu cha galaksi hupita saa saba kasoro robo usiku. Weka masafa ya katikati ya kipokezi kwenye 1420.0 badala ya 1420.4, ili mwiba ambao kipokezi chenyewe huweza kuuweka katikati ya grafu usije ukaudhania haidrojeni. Kisha chukua grafu ya saa ambazo Njia ya Maziwa haipo mbele ya dishi, ugawanye kwayo grafu ya saa ambazo ipo. Kitakachobaki ni kilima karibu na 1420.4, na kila kilohezi 4.7 za kusogea kwake kutoka hapo ni kilomita moja kwa sekunde ya mwendo wa gesi kuja kwetu au kwenda mbali. Mawingu hayazuii wimbi hili. Radi ndiyo adui. Kuanzia Novemba hadi Aprili chomoa waya kila ngurumo inaposikika.

Saa ya nyota na saa ya duka

Nyota haifuati saa ya ukutani. Huzunguka na kurudi mahali pake baada ya saa 23 na dakika 56, yaani huwahi kwa dakika nne kila siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Karl Jansky, mhandisi wa simu nchini Marekani aliyekuwa akitafuta chanzo cha mikwaruzo katika redio, aliona mkwaruzo mmoja ukiwahi kwa kiasi hicho, akatambua kuwa unatoka Njia ya Maziwa. Hicho ndicho kipimo chako cha kwanza na cha bei nafuu kuliko vyote: rudia kwa siku kumi, na kilichotoka angani kitakuwa kimewahi kwa dakika 40. Kitovu kilichopita saa saba kasoro robo tarehe 18 Juni kitapita saa tano kasoro robo tarehe 18 Julai.

Mimi mwenyewe nilikaa siku tatu na furaha isiyo na msingi kwa ajili ya mistari iliyojipanga kama meno ya kitana, iliyokuwa ikitokea kila jioni. Siku ya nne, ya tano na ya sita ilitokea saa moja kasoro dakika kumi, bila kuwahi hata dakika moja. Nilitoka nje na redio ndogo mkononi nikaifuata kelele hadi kwenye taa za LED za duka la jirani, ambaye huziwasha giza linapoanza kuingia.

Sikuona haya sana, kwa sababu wakubwa wamepatwa na makubwa. Katika darubini ya Parkes, Australia, milipuko ya ajabu ya redio iliwasumbua watafiti kwa miaka mingi, hadi mwaka 2015 ilipobainika kuwa inatokea pale mtu anapofungua mlango wa oveni ya maikrowevu kabla haijamaliza kazi. Darubini hiyohiyo, mwaka 2019, ilinasa ishara nyembamba ya megahezi 982 wakati ikitazama Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta ishara nyingine zenye sura ileile kwenye masafa mengine, hata dishi lilipokuwa limegeuzwa kando, na hivyo ikahesabiwa kuwa ni kelele ya vifaa vya binadamu.

Kwa hiyo tengeneza daftari la kelele kabla ya daftari la nyota. Zima na uwashe kila kitu cha nyumbani kimoja kimoja huku ukitazama grafu: chaja za simu, kigeuza umeme cha sola, king'amuzi, na kompyuta yenyewe. Mtaani andika saa za mashine za kuchomelea. Ikiwa una ndugu Makete au nyuma ya vilima vya Rungwe, mahali ambapo simu hutafuta mtandao kwa taabu, hapo ni pazuri kuliko mjini. Mlima unaokukatia simu unakukatia na kelele.

Saa zote ziandikwe kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Daftari linaloandikwa na watu wawili, mmoja akiandika saa mbili usiku kwa Kiswahili na mwingine akisoma saa ya kompyuta inayosema 20:00, hufa ndani ya wiki moja.

Ukiona kitu chembamba

Kilima cha haidrojeni ni kipana kwa mamia ya kilohezi. Mtafuta ishara anatafuta kinyume chake: mstari mwembamba wa hezi chache, ambao maumbile hayajulikani kuutengeneza. Mstari huo, ukitoka angani, utateleza pia, yaani masafa yake yatasogea kidogo kidogo, kwa sababu Dunia inatubeba ikizunguka. Kwa ukaribu wetu na ikweta mtelezo huo hufikia takriban hezi 0.16 kwa sekunde katika masafa haya, karibu hezi 48 kwa dakika tano. Kwa bahati mbaya fuwele inayoshikilia masafa ya RTL-SDR hubadilika kwa kiasi kikubwa zaidi ya hicho joto la usiku linaposhuka, na usiku wa Juni huku kwetu joto hushuka kwelikweli. Kifunge kipokezi ndani ya kisanduku cha sponji na ukiwashe saa mbili kabla ya kuanza, lakini hata hivyo usijenge hoja juu ya mtelezo pekee.

Tazama badala yake umbo la kupanda na kushuka. Ishara maarufu ya tarehe 15 Agosti 1977, ambayo Jerry Ehman aliizungushia kalamu na kuandika "Wow!" pembeni, ilinaswa na darubini ya Big Ear ya Ohio, iliyokuwa ikisubiri anga ipite kama dishi lako. Ilipanda na kushuka kwa sekunde 72, muda uleule ambao nyota huchukua kupita mbele ya darubini ile, na ndiyo maana bado inazungumzwa. Haikurudi tena, na ndiyo maana haikubaliwi kuwa ushahidi.

Kinachodumu muda mfupi zaidi ya nusu saa yako, au kinachowaka na kuzima ghafla, kiandike katika daftari la kelele. Kinachopita kipimo cha umbo na cha dakika nne kinahitaji mtu wa pili. Tafuta mwenzako Iringa, mwenye dishi lililoinuliwa digrii 69 kusini, umpe masafa tu bila kumwambia saa uliyoiona. Iringa iko mashariki ya Mbeya kwa digrii mbili na robo hivi, kwa hiyo kitu kilichoko miongoni mwa nyota lazima kimpitie yeye takriban dakika tisa kabla yako.