SOMO: Kuosha, kupolishi na kupaka waksi Canter (au lori lolote) hapo hapo nyumbani

Wadau habari za leo. Juzi kuna jamaa wameiona Canter yangu wakaniuliza nimepiga rangi mpya gereji gani, jamani sijapiga rangi, ni ile ile iliyokuja nayo, nimeosha tu na kupolishi na kupaka waksi, jumapili moja, hapo nje kwangu Kibaha. Nikasema basi ngoja niandike somo. Ni refu kidogo, atakayechoka aruke hadi kwenye maswali.

Gari yangu inabeba nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kuja Dar. Wabeba nyanya mnanielewa, matenga ya chini yakiminywa maji yanachuruzika ubavuni, na maji ya nyanya yana asidi, yakikaukia kwenye rangi na jua likayapiga siku mbili tatu unabaki na michirizi hata usugue vipi haitoki. Weka na vumbi jekundu, wadudu wa usiku waliojibandika kwenye grili, na lami. Kwahiyo ninachoandika hapa nimekifanya kwenye gari ya kazi, siyo gari ya kwenda nayo harusini.

Kabla sijaanza, ile mikwaruzo inayozunguka kama utando wa buibui, unayoiona rangi ikipigwa na jua, mingi tumeiweka sisi wenyewe siku ya kuosha. Tambara lenye mchanga ndiyo msasa wenyewe huo. Ukiosha vizuri kazi ya kupolishi inapungua nusu, ndiyo maana kwenye kuosha nitaongea sana na kwenye waksi nitapita haraka.

VIFAA: ndoo mbili za lita 20, shampuu ya gari, glavu au sponji laini ya kuoshea, brashi ya matairi (ya kwake peke yake!!), taulo za maikrofaiba kama sita hivi, klei, polishi, waksi, tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi, na ngazi. Matisheti ya mtumba yaacheni, yale mapindo na nyuzi za mshono yanakwaruza.

HATUA YA 1, muda na kivuli. Anza saa kumi na mbili asubuhi bodi likiwa bado la baridi. Weka kiganja mlangoni, ukisikia moto hapo hapafai, sabuni itakaukia juu ya rangi kabla hujasuuza na madoa yake utakuja kuyahangaikia baadaye.

HATUA YA 2, chini kwanza. Matairi, madigadi, chesisi. Wengi wanaanza juu halafu wakifika chini tope linarukia kabini waliyoimaliza kuosha. Kama una mashine ya presha sawa, ila usiisogeze karibu sana na usiilenge kwenye plagi za waya, altaneta, sili za habu wala mapezi ya rejeta, yale mapezi ni laini yanalala na hewa haipiti tena, halafu ukipanda mlima Kitonga gari inachemsha unaanza kumlaumu fundi. Kuosha chesisi kwa dizeli mimi nimeacha, inalegeza mpira wa bushi na ule utelezi unaobaki ndio unakamata vumbi zaidi. Ukimaliza presha piga grisi kwenye nipo zote (vile vichuchu vya kuingizia grisi), maji ya presha yanasukuma grisi nje, hii watu wanaisahau sana halafu kros ya propela (kiungo cha ule mhimili unaozungusha matairi ya nyuma) ikianza kulia wanashangaa.

Na kama unabinua kabini uoshe injini kwa juu juu, toa kwanza kila kitu kilichoko kwenye dashibodi. Mimi nilisahau chupa ya chai, zile za chuma, nikabinua, ikashuka nayo mpaka kwenye kioo cha mbele. Kioo kizima kikapasuka. Wife alicheka siku mbili.

HATUA YA 3, kabini na bodi. Mwagia maji matupu kwanza, mengi, bila kugusa kwa mkono, unataka mchanga uondoke wenyewe. Kwenye wadudu na kinyesi cha ndege laza taulo lililolowa dakika tano, usikwangue kwa kucha. Halafu ndoo moja shampuu (kipimo kiko kwenye chupa, ukizidisha haitakati zaidi, unajiongezea kazi ya kusuuza), ndoo ya pili maji matupu. Glavu inaingia kwenye shampuu, unaosha kipande kama nusu mlango, unaikamulia kwenye ndoo ya maji matupu, ndio inarudi kwenye shampuu. Ukimaliza angalia chini ya ile ndoo ya pili. Mimi mara ya kwanza nilikuta mchanga kama kijiko cha chai umetulia pale chini, nikafikiria miaka yote ule mchanga nilikuwa naurudisha mlangoni.

Unatoka juu kwenda chini, paa kwanza, na mkono unaenda moja kwa moja, usizungushe zungushe. Suuza kila upande kabla haujakauka. Kukausha usisugue, laza taulo la maikrofaiba juu ya maji ulivute taratibu. Likidondoka chini hata sekunde moja hilo limeshakuwa la matairi.

HATUA YA 4, lami na klei. Doa la lami chukua mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, liweke lilegee, futa, na hapo hapo osha na shampuu, mafuta yasikae. Halafu fanya jaribio hili, vaa mfuko laini wa plastiki mkononi (mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, tumia ule wa kufungia mkate) upitishe kwenye boneti au mlango. Utasikia vichembe kama chenga za sukari ambazo mkono mtupu hauzisikii. Hizo ndizo za klei. Klei iko kama ule udongo wa kuchezea watoto, unalowesha rangi kwa maji ya shampuu, unateleza nayo bila kukandamiza, ikichafuka unaikunja upate sehemu safi. Ikidondoka chini itupe tu, hata kama inauma.

HATUA YA 5, polishi. Hapa ndipo pa kuharibia. Kwanza jua rangi yako, paka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe usugue sehemu iliyojificha. Kitambaa kikipata rangi ya gari huna klia (lile tabaka la juu linaloonya, lisilo na rangi), rangi yenyewe ndiyo iko juu, malori mengi yaliyopigwa rangi mtaani yako hivyo. Kikiwa kimebaki vilevile una klia, na klia kwa gari nyingi ni kama mikroni 40 hadi 50, unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Kila ukipolishi unakula kidogo, kwahiyo siyo kila wiki, mimi ni mara moja kwa mwaka.

Bandika tepu kwenye kona kali, mipira ya vioo na plastiki nyeusi. Fanya kipande cha nusu mita kwa nusu mita, polishi saizi ya punje tatu za mahindi, sugua kwa mkono wa wastani mpaka iwe kama ukungu, futa. Anza na ile laini, kompaundi ya kukwaruza ni pale tu laini ikishindwa. Mimi mlango wa dereva pale kwenye ukingo kuna doa jeupe saizi ya shilingi, nilibonyeza mashine ya polishi hapo hapo nikitaka kumaliza kabla ya magharibi, klia ikaisha nikakutana na praima (rangi ya chini kabisa). Mpaka leo liko, kila nikifungua mlango naliona.

HATUA YA 6, waksi. Nyembamba!! Watu wanapaka kama blubendi kwenye mkate. Mimi napenda ya karnauba, inatokana na majani ya mti fulani wa jamii ya minazi, wa Brazili, inang'aa vizuri. Paka, subiri ipauke, pitisha kidole, pakibaki safi futa. Basi.

MASWALI YA WADAU

Shikamoo mzee, mimi ni utingo, bosi ananipa sabuni ya unga nioshee Fuso kila jumamosi, ina madhara?
Marahaba mwanangu. Sabuni ya unga ni kali, inaondoa waksi yote na ukiendelea hivyo rangi inapauka na mipira inakakamaa. Sabuni ya maji ya vyombo unaweza kuitumia mara moja, siku unayotaka kutoa waksi ya zamani upake mpya, ila isiwe ya kila wiki. Mwambie bosi chupa moja ya shampuu inaosha mara nyingi sana.

Mkuu klia yangu juu ya paa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, nipake polishi gani?
Hamna polishi hapo kaka. Ikishaanza kubanduka ni fundi rangi tu. Ukipolishi pembeni yake utaibandua zaidi.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, nikiosha zinabaki doti nyeupe.
Hizo ni za maji kukaukia juu. Siki nusu na maji nusu, lowesha kitambaa, weka dakika moja, suuza sana, halafu upake waksi tena kwasababu hapo itakuwa imepungua. Na suuza ya mwisho tafuta hata ndoo mbili za maji ya mvua au ya dawasa (ya bomba), ukaushe papo hapo.

Kuna fundi anatumia grinda ya kukatia vyuma kafunga sponji, anasema ni sawa tu na mashine ya polishi.
Muogope huyo. Zile grinda ndogo nyingi zinazunguka mara kama 11,000 kwa dakika, mashine ya polishi iko chini ya 3,000 na unaipunguza utakavyo. Atakuchomea rangi ndani ya sekunde.

Waksi inakaa muda gani? Dada yangu ananiambia mwezi mmoja tu.
Inategemea jua na unaosha na nini. Ya karnauba kwa gari inayolala nje hesabu miezi miwili hivi. Mwagia maji, yakijikusanya kama shanga bado ipo, yakilala bapa imeisha.

Mimi niko Mombasa, lori inashinda bandarini, waksi itazuia kutu?
Kwa nje inasaidia, ila kutu ya pwani inaanzia ndani ndugu yangu. Suuza chesisi kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, na chini ya kila mlango angalia kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, vikizibwa na tope maji yanalala humo humo na mlango unaoza kutokea ndani. Chukua kijiti cha fagio uzibue. Vya kwangu nilipozibua yalitoka maji ya kahawia kama chai ya tangawizi, na gari ilikuwa haijaoshwa siku nne.