SOMO: Kung'oa sola ya zamani ya 12V na kufunga kubwa ya 24V, nilivyofanya nyumbani

Wakuu salama? Nipo Njombe, sola yangu ilikuwa na miaka kumi, paneli 2 za wati 100, betri ya jeli 100Ah na inveta ya wati 600 ile ya bei chee ambayo subufa ikiwaka inavuma kama nyuki. Mwaka jana ikafika mahali saa mbili usiku taarifa ya habari inaanza tu, inveta pii pii pii, giza. Nikafanya kosa la wengi, nikanunua betri mpya ya jeli nikaiunganisha sambamba na ile mzee, miezi minne zote mbili chali, maana ile mzee ilikuwa inamnyonya mwenzake usiku kucha. Kwa hiyo ukitaka kukuza mfumo usijenge juu ya kilichochoka.

HATUA 1: Pima
Jua la saa sita chomoa paneli, weka multimita. Zangu volti 21 kila moja kama zimetoka dukani jana, nikafurahi, ila nilipopima amp (hamishia waya mwekundu tundu la 10A la sivyo unaunguza fyuzi ya mita) nikapata 3.4 wakati nyuma imeandikwa karibu 6. Paneli ikichoka volti zinabaki zinakudanganya, angalia amp.

HATUA 2: Hesabu matumizi kabla hujaenda dukani
Friji ndogo niliipima kwa jirani mwenye umeme kwa kile kimita cha kuchomeka ukutani, siku nzima imekula kama 900Wh (wati mara saa). TV wati 60 saa 5 ni 300, taa 8 za wati 7 saa 5 ni 280, simu na king'amuzi weka 200. Jumla kama 1,700Wh. Nikachukua paneli 2 za wati 450, yaani 900 mara saa 4 na nusu za jua kamili, nakata robo ya joto na vumbi, inabaki kama 3,000Wh, siku za mawingu napumua. Betri lithiamu ya 24V 100Ah, ni kama 2,500Wh na nyingi yake unaitumia bila kuiua, sio kama jeli unaishia nusu.

HATUA 3: Kontrola (kile kiboksi kati ya paneli na betri kinachosimamia kuchaji), hapa ndo watu wanaunguza hela
Paneli hizi zina volti 49.5 zikiwa wazi (hazijaunganishwa na kitu), mbili kwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine) ni 99. Muuzaji akanipa kontrola ya mwisho volti 100, "inatosha bosi". Haitoshi! Paneli ikipoa volti zinapanda, na huku kwetu mwezi wa saba asubuhi unakuta sakitu kwenye majani ya viazi, kwenye baridi hiyo 99 inakuwa kama 106 na kontrola inakufa jua linapochomoza. Nikachukua MPPT (kontrola inayogeuza volti za juu za paneli kuwa amp za kuchaji betri) ya volti 150, amp 40.

HATUA 4: Kung'oa
Zima inveta, chomoa paneli kwanza, halafu betri. Kufunga ni kinyume, betri kwanza paneli mwisho. Usibadilishe huo mpangilio hata kama una haraka.

HATUA 5: Kufunga
Paneli zitazame kaskazini, mlalo wa nyuzi 10 mpaka 15 ili mvua izioshe, na acha nafasi ya kiganja kati yake na bati hewa ipite. Inveta ya wati 1500 kwenye 24V inavuta amp 60 na zaidi, kwa hiyo waya wa betri ni wa milimita za mraba 25, mfupi usizidi mita, na fyuzi ya amp 100 karibu kabisa na chanya ya betri. Breka ya paneli iwe ya DC. Fundi aliyenisaidia aliweka ya AC ile ya kawaida ya ukutani, siku nilipoizima saa saba mchana cheche haikukatika, plastiki ikaanza kuyeyuka naiona hivi hivi. Mwisho ingia kwenye kontrola ubadilishe kutoka jeli kwenda lithiamu, weka volti zilizoandikwa kwenye karatasi ya betri na uzime ekwalaizi (ile chaji ya volti za juu ya kusawazisha betri).

MASWALI YA WADAU

Mkuu paneli zangu za wati 100 bado nzima, nisizichanganye na mpya?
– Usizifunge mfululizo na hizo kubwa kaka, ndogo itazirudisha zote kwenye amp zake. Mimi zangu nimezipeleka bandani kwa kuku na kontrola yao ile ya zamani.

Nimenunua paneli ya 450 nikaweka kwenye kontrola yangu ya PWM ya 12V, mbona sioni tofauti?
– Kwa sababu PWM, ile kontrola rahisi isiyogeuza volti, inaivuta paneli ishuke mpaka volti za betri. Amp 11 mara volti 13 ni wati 143. Hizo 300 nyingine umelipia bure, badilisha kontrola.

Kaka lithiamu bei siiwezi, nikibaki na jeli?
– Inawezekana dada, mbili za 200Ah kwa mfululizo, aina moja, zinunuliwe siku moja, na usizishushe chini ya nusu. Hesabu lakini ya kuzibadilisha tena mapema.

Nguzo za TANESCO zimefika mtaani, nikivuta umeme naunganishaje na inveta?
– Weka chenjiova, ama umeme wa nguzo ama inveta, visikutane kamwe. Kuna jamaa wanachomeka waya wa inveta kwenye soketi ya ukutani, usithubutu, umeme wa nguzo ukirudi inveta inalipuka, na fundi aliye juu ya nguzo unaweza ukampiga shoti kabla haujarudi. Hiyo kazi mpe fundi mwenye leseni.