Jedwali la heshi la sataranji: rekodi ipi ifutwe?

Ukiandika programu ya sataranji kwenye laptopu ya RAM GB 4, kama zile zilizotumika zinazouzwa Kisumu na Nakuru, anza na jedwali la heshi, yaani hifadhi ya matokeo ya mbao (mipangilio ya kete) zilizokwisha kuchunguzwa, la MB 64. Kila rekodi ichukue baiti 16: 8 za ufunguo wa Zobrist (namba inayotambulisha ubao), 2 za hatua bora, 2 za alama ya utafutaji, 2 za tathmini ya ubao bila utafutaji, 1 ya kina (idadi ya hatua zilizotazamwa mbele), na ya mwisho igawanywe, biti 2 kwa aina ya alama (kamili, kikomo cha chini, kikomo cha juu) na biti 6 kwa umri. Weka rekodi nne katika fungu la baiti 64, kwa kuwa prosesa nyingi huvuta kumbukumbu kwa kipimo hicho. Utapata mafungu 1,048,576. Jedwali lianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 64, la sivyo kila fungu litavutwa mara mbili.

Kazi ngumu ni fungu likijaa. Ukifuta rekodi ya zamani daima, rekodi za kina 0 na 1, ambazo ndizo nyingi mno, zitafagia matokeo ya kina 12. Ukilinda kina tu, uharibifu huja polepole: jedwali hujaa mbao zisizoweza kutokea tena kwa sababu kete zimeshaliwa, na rekodi mpya hukosa pa kukaa. Kosa hili ni baya kwa kuwa jaribio la ubao mmoja halilifichui.

Changanya vigezo vyote viwili. Ongeza kihesabu cha umri kwa 1 kila utafutaji wa hatua mpya unapoanza. Ufunguo ukiwa tayari upo kwenye fungu, andika papo hapo; rekodi mpya isipokuwa na hatua bora, bakiza hatua bora ya zamani. Usipokuwepo, toa rekodi yenye thamani ndogo zaidi ya kina − 4 × umri, umri ukiwa kihesabu cha sasa kutoa kile kilichoandikwa kwenye rekodi, kwa moduli 64 (baada ya 63 hurudi 0). Hiyo 4 ni ya kuanzia tu. Jaribu 2 na 8 pia.

Alama za mati zihifadhiwe kama umbali kutoka ubao huo, si kutoka mzizi (ubao ambao utafutaji ulianzia). Ukisahau, programu itaiona mati na kuzungukazunguka bila kuimaliza.

Jaribu na ubao huu, ulioandikwa kwa FEN (mtindo wa kuandika ubao kwa herufi na namba): 8/k7/3p4/p2P1p2/P2P1P2/8/8/K7, zamu ya nyeupe. Jibu ni mfalme kwenda b1, na bila jedwali linalofanya kazi sawasawa utalisubiri sana. Linganisha idadi ya mbao zilizochunguzwa hadi kina kilekile, si sekunde, maana joto la mchana wa Kisumu huweza kuipunguza kasi laptopu. Kupima umri, chezesha michezo mizima bila kusafisha jedwali kati ya hatua.