Kosa dogo la kwanza Kenya: jinsi ya kuomba kifungo cha nje

Kijana aliyeiba simu akifungwa, anapoteza kibarua, nyumbani wanakosa chakula, na mwenye simu halipwi chochote. Ni hasara kwa wote, na sheria inatoa njia nyingine. Sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 inamruhusu hakimu kutoa kifungo cha nje, yaani adhabu unayoitumikia ukiishi nyumbani badala ya gerezani, kwa kosa lenye adhabu isiyozidi miaka 3, au lenye adhabu kubwa zaidi iwapo anaona miaka 3 au pungufu inatosha. Wizi wa kawaida una adhabu ya hadi miaka 3, kwa hiyo umo. Lakini ni uamuzi wa hakimu, si haki yako, lazima ujiandae.

Kwanza, usikiri kwa sababu tu unataka mambo yaishe haraka. Ukikiri, kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya tukio. Sikiliza neno kwa neno. Akitaja kisu na hukuwa nacho, sema hapo hapo. Kabla ya hukumu bado unaweza kuomba kubadilisha jibu lako. Wengi huharibu hapa kwa kuitikia "ni kweli" kwa kila kitu.

Hakimu akikuuliza una lipi la kusema, kuomba msamaha tu hakutoshi. Sema: "Mheshimiwa, hili ni kosa langu la kwanza. Naomba ripoti ya afisa wa probesheni iletwe kabla ya hukumu."

Ripoti hiyo ndiyo yenye uzito, na ndipo familia inapotakiwa kuhangaika. Afisa huulizia nyumbani, kwa chifu au mzee wa mtaa, kazini, na kwa mlalamikaji. Mpe nambari ya simu inayopokelewa, jina la mwenye nyumba, na jamaa mmoja aliye tayari kukaa na mshtakiwa. Simu ikizimwa, au mama akisema mwanawe alisingiziwa ilhali mwenyewe amekiri, ripoti inaharibika. Aliyewahi kufungwa asifiche. Alama za vidole zitamuumbua.

Mlalamikaji alipwe au arudishiwe mali yake. Andikeni kiasi, tarehe, majina na nambari za vitambulisho, pande zote mbili zitie sahihi mbele ya shahidi, na nakala apewe afisa. Msiende kwake kundi zima usiku. Hivyo ni vitisho, na vinaweza kuzaa kesi nyingine. Jueni pia kwamba malipo peke yake hayafuti kesi.

Ukipewa uangalizi wa probesheni, yaani kuishi nyumbani ukisimamiwa na afisa huyo, ni kati ya miezi 6 na miaka 3. Ukipewa huduma kwa jamii, utafanya kazi bila malipo, kwa mfano shuleni, hospitalini, barabarani au kupanda miti, kwa muda usiozidi kifungo ambacho ungepewa. Kila siku ya kazi, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Ukiugua au ukitaka kuhama, mwambie afisa kabla, si baada. Ukitoroka, utarudishwa kortini na unaweza kufungwa kwa kosa lile lile.

Ukifungwa licha ya haya yote, una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Aliyekiri hupinga adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Ombeni nakala ya mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa kortini, siku ile ile ya hukumu, kwa sababu ikichelewa hizo siku 14 huisha mkiwa bado mnaingoja.