Somo: Degedege la homa, na hofu ya kifafa

Mtoto akishikwa na degedege la homa tufanye nini, na je, ndiyo kifafa? Tangu mvua zianze nimejibu swali hili hadi nimechoka, basi naliandika mara moja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Degedege la homa huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Si ndege wala shetani, bali ni ubongo mchanga uliozidiwa na homa.

1. Tazama saa.

2. Mlaze chini kwa ubavu, mbali na jiko, umlegeze nguo shingoni.

3. Usimtie kitu mdomoni. Hapa ndipo nilipokosea. Mwanangu alipokaza meno nilimpenyezea kijiko cha chai kwa nguvu, nikihofu atameza ulimi. Degedege likaisha lenyewe, lakini jino la mbele lilikuwa limevunjika na damu imemjaa mdomoni, nami nikadhani damu ile ndiyo ugonjwa. Ulimi haumezeki. Kijiko, kidole, maji, dawa ya kunywa: vyote ni hatari. Wala asikandamizwe mikono na miguu.

4. Likipita dakika 5, likirudi, au asipozinduka, mkimbize hospitali. Hata likiisha mapema, mpeleke siku hiyo hiyo apimwe malaria na achunguzwe homa ya uti wa mgongo.

Swali: Kwa hiyo mwanangu ana kifafa?
Jibu: Hapana. Kifafa ni degedege linalojirudia pasipo homa.

Swali: Na kijiko kikifungwa kitambaa?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Samahani dada, mbona wengine huishia kupata kifafa? La mdogo wangu lilikuwa la upande mmoja.
Jibu: Umeuliza vizuri, mdogo wangu. Degedege la kawaida hutikisa mwili mzima, halifiki dakika 15, wala halirudii ndani ya saa 24. Kati ya watoto 100 wa namna hiyo, 1 au 2 tu hupata kifafa baadaye, karibu sawa na watoto wengine. Uwezekano huongezeka likiwa la upande mmoja, refu au la kurudia, pakiwa na kifafa katika ukoo, au mtoto akiwa amechelewa kukaa na kusema. Malaria iliyopanda kichwani ni jambo jingine, kwa kuwa yenyewe huweza kuudhuru ubongo na kifafa kikafuata.

Swali: Nimpe parasetamoli kila akipata joto ili lisirudi?
Jibu: Itampa nafuu ya homa, lakini haizuii degedege.

Mchango: Sisi tulimrekodi kwa simu, daktari akajionea mwenyewe upande ulioanza.
Jibu: Vyema sana, ila simu aishike mtu mwingine, wewe tazama saa na pumzi ya mtoto.