Antibiotiki Si Vitamini ya Kuku

Ingia agroveti yoyote Njoro au Bahati uulizie dawa ya kuongeza mayai, na huenda ukapewa pakiti yenye picha ya kuku na trei lililojaa. Igeuze usome nyuma. Ukikuta oksitetrasaiklini imeandikwa pamoja na vitamini, hiyo ni antibiotiki, yaani dawa ya kupambana na bakteria, na kuku mzima haihitaji. Mimi ningependa pakiti za namna hii ziondoke rafuni, lakini maadamu bado zinauzwa, ni juu ya mfugaji kusoma.

Hatari yake ni usugu wa dawa, yaani bakteria kutodhurika tena na antibiotiki. Wengi tumezoea kusikia kwamba usugu huo hutokana na kukatiza dozi: bakteria dhaifu hufa, wakali hubaki na kuzaana. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba bakteria hugawiana usugu, hata wakiwa si wa aina moja.

Ndani ya bakteria wengi, kando ya kromosomu inayobeba sehemu kubwa ya DNA yao (maagizo ya urithi), mna kipande kidogo cha DNA chenye umbo la pete kiitwacho plasmidi. Jeni, yaani sehemu za DNA zenye maagizo, za kuishinda dawa mara nyingi hukaa humo. Bakteria mwenye plasmidi hujiunga na mwenzake, akanakili pete ile na kumpitishia nakala. Mtoaji hapungukiwi na chochote, na mpokeaji naye anaweza kumgawia mwingine. Hivyo E. koli anayeishi utumboni mwa kuku bila kumdhuru anaweza kumpa usugu salmonela anayewaharisha watu. Tena pete moja yaweza kubeba jeni za kuzishinda dawa kadhaa, kwa hiyo ukitumia moja tu, unautunza usugu wa zote. Wanasayansi wa Japani waliling'amua hili mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuwa wakichunguza bakteria wa kuhara damu walioshinda dawa kadhaa kwa mpigo.

Zipo njia nyingine mbili za kupata usugu: bakteria kuokota DNA iliyoachwa na waliokufa, na virusi vinavyowashambulia kuwahamishia jeni.

Mwaka wa 1976 mtafiti Stuart Levy na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya kuku waliolishwa chakula chenye oksitetrasaiklini. Kwa muda wa wiki moja hivi, karibu bakteria wote waliopimwa kutoka matumboni mwa kuku hao walikuwa sugu kwa dawa hiyo. Baadaye usugu ulionekana kwa watu wa shamba lile pia, ukiwemo usugu wa dawa ambazo kuku hawakupewa kamwe.

Kwa hiyo usitie antibiotiki katika maji ya vifaranga eti kuwakinga. Kideri na gamboro husababishwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kinga yake ni chanjo kwa wakati, banda kavu na matandazo yanayobadilishwa. Kuku wakianza kufa, mwite daktari wa mifugo kabla ya kwenda dukani. Muuzaji hajawaona kuku wako.

Kwa ng'ombe wa maziwa, ugonjwa wa kiwele unaorudi kila mara si wa kujaribishiwa dawa moja baada ya nyingine. Mwambie daktari achukue sampuli ya maziwa ipelekwe maabara ya uchunguzi wa mifugo, kama ile iliyoko Nakuru, ijulikane ni dawa ipi bado inafanya kazi. Maziwa ya siku za matibabu, na ya siku zote za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa, hayauzwi. Wengi huyapa ndama wakiona uchungu kuyamwaga. Usifanye hivyo: dawa kidogo iliyomo huwapalilia bakteria sugu tumboni mwa ndama. Yamwage shimoni, mbali na kisima na mto.

Samadi nayo hubeba bakteria hao. Mbolea mbichi ya kuku isiende moja kwa moja kwenye sukuma wiki. Irundike, ilowanishe kiasi, igeuze mara kwa mara, na uchomeke fito ndefu katikati; ukiichomoa iwe moto mkononi. Joto hilo huua bakteria wengi, ingawa jeni nyingine zaweza kusalia, ndiyo maana kupunguza dawa bandani kunatangulia. Wafugaji wa samaki upande wa Kisumu wanaorutubisha mabwawa kwa mbolea ya kuku waulize kwanza kuku hao walikunywa nini, na mbolea iliyotoka banda lililokuwa likitibiwa wasiitumie bwawani.