Namna ya Kuchagua Kibodi na Kipanya Visivyotumia Waya kwa Kazi za Ofisi

Anayetumwa kununua kibodi na kipanya visivyotumia waya kwa ajili ya ofisi mara nyingi huanza kwa kuangalia bei na umbo, ilhali kinachoamua kama vifaa hivyo vitatumika kwa miaka au vitaishia kwenye droo ni namna vinavyowasiliana na kompyuta. Karibu kila kibodi inaandika, na karibu kila kipanya kinasogeza mshale. Tofauti huonekana pale umeme unaporudi baada ya kukatika, pale kipokezi kinapopotea, pale watu wengi wanapofanya kazi katika chumba kimoja, na pale karani anapoandika nenosiri linalofungua akaunti za wateja. Kwa sababu hiyo ni vyema mnunuzi ajue mawasiliano hayo kabla ya kugusa kitufe chochote dukani.

Njia zinazotumika ni mbili. Ya kwanza ni kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, ambacho hupokea mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 kutoka kwenye kibodi na kipanya. Ya pili ni Bluetooth, inayotumia masafa hayo hayo lakini isiyohitaji kipokezi endapo kompyuta imeundwa nayo. Kompyuta mpakato za miaka ya karibuni karibu zote zinayo, ila kompyuta nyingi za mezani, hasa zile zilizokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika kwenye maduka ya Kampala, hazina. Basi kabla ya kutoka ofisini, fungua mipangilio ya kila kompyuta itakayopewa kifaa kipya uhakikishe kama Bluetooth ipo, kwa maana muuzaji hawezi kukujibu swali hilo.

Kwa kompyuta ya mezani mimi hushauri kipokezi, na sababu kubwa ni umeme. Ndani ya kompyuta hiyo mna betri bapa ya duara iitwayo CR2032, ambayo kazi yake ni kuhifadhi saa, tarehe na mipangilio ya mwanzo wakati mashine imezimwa. Betri hiyo inapochoka baada ya miaka kadhaa, kila umeme ukikatika kompyuta husahau tarehe, na ukirudi mashine husimama kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ikimtaka mtumiaji abonyeze F1 ndipo iendelee kuwaka. Wakati huo Windows haijaanza, na katika kompyuta nyingi Bluetooth nayo huwa bado haijaanza, kwa hiyo mwenye kibodi ya Bluetooth atabonyeza F1 mpaka achoke na mashine isimsikie. Kibodi yenye kipokezi hutambuliwa kama kibodi ya kawaida ya USB tangu kompyuta inapowashwa, na F1 yake hufika. Kwa ofisi iliyoko mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, iwe Kampala, Mbale au Arua, tofauti hiyo huweza kugharimu asubuhi nzima ya kazi. Anayependelea Bluetooth na aweke kibodi moja ya waya kabatini, na amwambie fundi abadilishe CR2032 za mashine zote kuukuu, kwa kuwa ni betri ya bei ndogo na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Udhaifu wa kipokezi ni kwamba ni kidogo kama ukucha na hupotea kwa urahisi. Katika seti nyingi za bei ya chini, kipokezi huunganishwa na kibodi pamoja na kipanya chake kiwandani, na kikipotea hakuna kingine kinachoweza kuchukua nafasi yake, hata kile cha seti inayofanana nayo kwa kila hali. Baadhi ya watengenezaji huuza vipokezi vinavyoweza kuunganishwa upya: vile vya Logitech vya aina ya Unifying hubeba hadi vifaa 6 kwa kipokezi kimoja, na aina ya Logi Bolt, iliyotoka mwaka 2021, hufanya vivyo hivyo, ingawa aina hizo mbili haziingiliani. Kwa ofisi yenye kompyuta mbili tatu jambo hili si zito. Kwa ofisi yenye kompyuta 15, ambamo wafanyakazi huhama meza na vifaa hubebwa kwenda kwenye mikutano, ningelipa nyongeza ya bei bila kusita. Njia rahisi ya kuzuia mchanganyiko ni kupaka doa la rangi ya kucha kwenye kipokezi, na doa la rangi hiyo hiyo chini ya kibodi na chini ya kipanya. Vipanya vingi pia vina kijishimo ndani ya mfuniko wa betri cha kuhifadhia kipokezi wakati wa safari, na ni vizuri kumwonyesha kila mfanyakazi mahali kilipo.

Malalamiko ya herufi zinazorukwa au mshale unaokwamakwama mara nyingi hayatokani na ubovu wa kifaa. Kampuni ya Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba vifaa na matundu ya USB 3.0, ambayo kwa kawaida yana rangi ya buluu ndani, hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye gigahezi 2.4. Kipokezi kilichochomekwa nyuma ya kompyuta, kando ya diski ya nje iliyounganishwa kwa USB 3.0, huku sanduku la chuma likiwa kati yake na meza, kinalazimika kusikiliza kwa shida. Kihamishie kwenye tundu la mbele, au kitumie waya mfupi wa kurefushia USB ili kikae juu ya meza karibu na kibodi. Ikiwa chumba kina seti nyingi na Wi-Fi yenu inaruhusu, hamisheni kompyuta na simu kwenda gigahezi 5 ili masafa ya 2.4 yapungukiwe na msongamano.

Usalama unastahili uangalifu wa pekee, na inasikitisha kuona ununuzi mwingi wa ofisi ukifanyika bila hata kuulizia. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walitangaza matatizo mawili. La kwanza, lililoitwa MouseJack, lilitokana na vipokezi kukubali ujumbe usiosimbwa, yaani usiofichwa kwa msimbo wa siri, kwa njia iliyokusudiwa kipanya, hata ujumbe huo ukiwa umebeba mibonyezo ya vitufe. Mtu aliye mbali hadi mita 100 aliweza kuandika kwenye kompyuta ya mwingine kana kwamba ameketi mbele yake. La pili, KeySniffer, lilihusu kibodi za bei ya chini ambazo hazikusimba chochote, kiasi kwamba kila herufi iliyoandikwa, pamoja na nywila, ingeweza kunaswa hewani. Watengenezaji kadhaa walitoa marekebisho ya programu kwa vipokezi vyao, lakini vifaa vya zamani visivyoweza kurekebishwa viliendelea kutumika. Kwa hiyo angalia kama boksi au maelezo ya mtengenezaji yanataja usimbaji wa AES wa biti 128 kwa kibodi, ambayo ni njia imara ya kuficha ujumbe kwa msimbo. Yasipoutaja, kifaa hicho kisiende kwa mhasibu, kwa karani wa chama cha akiba na mikopo, wala kwenye dawati la mapokezi la kliniki. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde kwa hatua zinazofaa za kiufundi na za kiutawala, na sioni namna ya kuitetea kibodi inayotangaza majina na namba za wateja hewani. Pale ambapo siri ni nzito na fedha za kununulia kifaa bora hazipo, kibodi ya waya ndiyo jibu la heshima.

Sasa vitufe. Anayeingiza hesabu anahitaji safu ya tarakimu upande wa kulia, zaidi sana kwa sarafu yetu, shilingi ya Uganda, ambayo kodi ya pango peke yake huweza kuandikwa kwa tarakimu saba. Asiyefanya hesabu hupata nafuu kwa kibodi fupi isiyo na safu hiyo, kwa sababu kipanya husogea karibu na mwili na bega halinyooshwi kutwa nzima. Chunguza pia mpangilio wa herufi. Katika mpangilio wa Uingereza alama ya @ iko upande wa kulia karibu na Enter, na katika ule wa Marekani iko juu ya 2. Ofisi iliyochanganya yote mawili bila kurekebisha mipangilio ya Windows hupoteza muda kila mtu anapoandika anwani ya barua pepe. Kibodi kuukuu kutoka Ufaransa zina A mahali pa Q, na za Kijerumani zimebadilishana Y na Z, kwa hiyo zisome kabla hujalipa. Herufi ŋ ya Luganda huipati kwenye vitufe vya kibodi hizi, bali huandikwa kwa mpangilio unaowekwa ndani ya kompyuta.

Kitu kidogo ambacho wengi hawakioni dukani ni taa ya Caps Lock. Kibodi nyingi zisizo na waya hazina taa hiyo kwa ajili ya kuokoa betri, na mtumiaji hukosea nywila mara tatu akafungiwa akaunti bila kujua kwamba anaandika herufi kubwa. Chagua yenye taa, au ile inayoonyesha alama kwenye skrini.

Kipanya kipimwe kwa mkono wa atakayekitumia: kiganja kilale juu yake bila vidole kujikunja. Kiwango cha DPI, yaani kipimo cha wepesi wa kipanya kuhisi mwendo wa mkono, cha kati ya 800 na 1600 kinatosha kabisa kwa kazi za ofisi, na namba kubwa zaidi zilizoandikwa kwenye boksi zisikuongezee bei. Kwa meza ya kioo nunua na pedi, kwani mwanga wa vipanya vya kawaida hupenya kioo na mshale hupotea. Anayetumia mkono wa kushoto apewe kipanya chenye pande mbili zinazofanana.

Kuhusu betri, ninapendelea zile za kubadilisha, za AA na AAA, kuliko zilizofungwa ndani. Hupatikana katika kila mji, hubadilishwa kwa dakika moja hata umeme ukiwa umekatika, na kifaa hakifi pamoja na betri yake. Seti ya Logitech MK270, kwa mfano, imeandikwa miezi 24 kwa kibodi na miezi 12 kwa kipanya, ingawa mtu anayefanya kazi kutwa asitarajie kufikia muda huo wote. Epuka betri za bei rahisi sana za zinki na kaboni, ambazo huvuja na kula vyuma vya ndani. Ofisi kubwa inaweza kununua betri za kuchajiwa za NiMH, ikijua kwamba zinatoa volti 1.2 badala ya 1.5, na kwa hiyo taa ya onyo katika baadhi ya vifaa huwaka mapema.

Unaponunua, omba boksi lifunguliwe, chomeka kipokezi kwenye kompyuta mpakato yako, fungua ukurasa mtupu na ubonyeze kila kitufe, kisha simama umbali wa mita tatu uone kama herufi bado zinafika bila kurukwa. Chukua risiti ya EFRIS, yaani ya mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda (URA), ambayo mhasibu wenu ataihitaji kwa ajili ya mamlaka hiyo, na uandikiwe muda wa dhamana juu ya karatasi yenye jina la duka. Kama ofisi inahitaji seti nyingi, nunua kwanza mbili, uwape watu wanaoandika kuliko wengine wote wazitumie kwa wiki mbili, na usikilize wanachosema kabla ya kuagiza zilizobaki.